Naogopa Kulala Kibondo

Ijumaa, Heru Juu.

Mvua imeanza kabla ya jogoo kuwika na mpaka sasa, alasiri, haijakata. Maharage niliyoanua jana yametapakaa sebuleni, kuku wamejibanza barazani, na mimi nimekaa kitandani na begi wazi mbele yangu. Nguo zimeingia. Kitenge cha msibani kimeingia. Kahawa ya kuwapelekea wenyeji imeingia. Mashine bado iko juu ya stuli. Waya wake nimeukunja, nikaukunjua, nikaukunja tena.

Naogopa.

Kesho asubuhi tunapanda basi kwenda Kibondo kumaliza matanga ya wifi yangu Stasia, dada wa mume wangu, tuliyemzika miezi kadhaa iliyopita. Usiku wanawake wote wa ukoo watalala ndani ya nyumba yake, chini kwenye mikeka, bega kwa bega. Ndivyo wanavyofanya upande ule, na mimi mke wa kaka yake sina pa kukwepea. Wanaume watalala nje, chini ya turubai. Kwa hiyo inanibidi nichague: nilale mbele za watu na barakoa usoni na bomba la hewa limening'inia, au niiache mashine hapa nyumbani nikalale kama zamani. Na kulala kama zamani ndiko kulikonifanya nifie Kibondo mara moja tayari.

Natania. Lakini si sana.

Niliseme sasa, maana humu ndani ya blogu yangu nimeandika habari za shule, za bustani, hata za ugomvi wangu na mwenyekiti wa kwaya, ila hili sijawahi kuligusa. Mimi nakoroma. Sikoromi kidogo kidogo kwa adabu. Nakoroma mpaka mbwa wa jirani anajibu.

Kwetu mwanamume akikoroma wanasema masikini amechoka, amelima kutwa. Mwanamke akikoroma anakuwa hadithi. Nilipoolewa, mama yangu alinivuta pembeni na kuniambia nijitahidi kulala baada ya mume kulala na niamke kabla hajaamka. Hakusema kwa nini. Wote wawili tulijua kwa nini.

Nyumbani hilo liliwezekana kwa sababu mume wangu, Baba Eliya, si mtu wa maneno. Tatizo lilikuwa misiba. Msiba ukitokea unalala huko siku zote za matanga, katika chumba kimoja na mawifi, mashangazi na majirani, na asubuhi kila mtu anajua mwenzake amelalaje.

Msiba wangu wa kwanza ukweni ulikuwa wa baba mkwe. Usiku ule nilijifanya nina huzuni isiyolala. Nikakaa jikoni nachochea moto usiohitaji kuchochewa. Na pale jikoni nikamkuta wifi Stasia naye anachochea moto huohuo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hata kutabasamu: "Na wewe ni trekta?"

Nilicheka hadi nikaona aibu, maana marehemu alikuwa hajazikwa.

Mawifi wengi hawapikiki chungu kimoja, lakini mimi na Stasia tangu usiku ule tulikuwa chungu na mfuniko. Kila msiba wa ukoo tulikesha pamoja. Tulianzisha pambio, mmoja akisinzia mwenzake anamfinya, tunaanzisha jingine. Watu wakaanza kutusifu. Mchungaji mmoja alisema hadharani kwamba ukoo huu umebarikiwa kupata wanawake wawili wa maombi. Stasia alinikanyaga mguu chini ya kanga nisije nikaharibu. Na kila asubuhi mtu akimwuliza, "Mama Neema, ulilala kweli?", jibu lake lilikuwa lilelile, kwa uso mkavu: "Nilikuwa naimba."

Hakuna aliyejua. Wala sisi wenyewe hatukujua tunachokificha ni nini. Tulidhani ni kelele tu.

Presha ilimpata yeye kwanza, kisha mimi. Halafu sukari, mimi kwanza, kisha yeye. Tukawa tunapigiana simu kuulizana namba kama watu wanaoulizana matokeo ya mpira. Zake juu, zangu juu. Nilianza na kidonge kimoja cha presha, wakaongeza cha pili, wakaongeza cha tatu. Chumvi nikapunguza mpaka Baba Eliya akawa anakula kwa adabu tu. Mawese nikayapima kwa kijiko. Kutoka shuleni narudi kwa miguu. Namba ya juu ya presha ikagoma palepale, na sukari ya asubuhi ikawa juu hata siku niliyolala na njaa.

Kliniki nilikuwa nasemwa. Muuguzi mmoja, binti niliyemfundisha mwenyewe darasa la tatu, aliniuliza mbele za watu, "Mwalimu, dawa unameza kweli?" Nilikuwa nameza. Nilitamani kulia pale kwenye benchi.

Na uchovu. Mungu wangu, ule uchovu. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kichwa kinagonga, mdomo mkavu. Darasani nikiwapa watoto zoezi nilisinzia nimesimama, mkono ubaoni. Siku moja nilisinzia juu ya bodaboda nikitoka Kasulu mjini. Kijana alihisi kichwa changu kimemwangukia mgongoni, akasimamisha pikipiki, akanitazama kwa hasira iliyochanganyika na hofu. Akaniambia, "Mama, uwe unaimba, nikikusikia nijue uko hai." Tukafika Heru Juu naimba tenzi mgongoni mwa mtu nisiyemjua.

Nilidhani ni umri. Nilidhani ni sukari. Mama mmoja wa kikundi chetu cha sala alisema ni vita vya kiroho.

Kisha Stasia akafa.

Alikuwa mjane. Watoto walishaondoka, isipokuwa binti yake Neema anayekaa nyumba ya jirani. Neema alikwenda asubuhi kumpelekea uji, akakuta mlango umefungwa kwa ndani na redio inaongea peke yake. Mama yake alikuwa kitandani, ameshapoa. Hospitali walisema ni presha. Hakuna aliyetaja usingizi, na mimi sitasema ninalolijua nusu. Ila najua alilala peke yake, na najua alivyokuwa akilala.

Msiba ule nilikesha usiku wa kwanza, nikakesha wa pili. Sikuwa na mtu wa kunifinya. Tulipomzika na kurudi nyumbani, mchana, watu wanakula, nilikaa kwenye mkeka nikaegemea ukuta ninyooshe miguu kidogo tu.

Haya yanayofuata nimesimuliwa. Nilikoroma mpaka wanawake wakaanza kutazamana na kuficha vicheko. Halafu nikanyamaza. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka lakini hewa haiingii, haitoki. Wakasubiri. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Bibi Paskazia, shangazi mzee wa mume wangu, ndiye aliyesimama kwanza. Akaweka mikono kichwani na kusema, "Yoo, mawe, mama wee, na huyu kaenda." Na chumba kizima kikapiga yowe.

Mimi nilizinduka katikati ya yowe lile. Na kwa vile nilikuwa msibani, nikajua wanamlilia Stasia. Kwa hiyo na mimi nikaanza kulia nao, kwa sauti, na mikono kichwani.

Mama mmoja aliruka dirisha.

Tangu siku ile Kibondo wananiita Mama Lazaro. Wenye huruma walinishika mikono na kuniombea. Wengine walisema marehemu alikuwa ananichukua, maana tulipendana mno. Wengine walinong'ona habari za abarozi, kwamba kuna mchawi anawakaba wanawake wa ukoo huu mmoja baada ya mwingine. Baba Eliya, aliyekuwa nje na wanaume, alisikia jina la mke wake ndani ya kilio. Aliingia chumba cha wanawake bila kubisha, jambo asilolifanya. Akanitazama, akatoka, akakaa nyuma ya nyumba peke yake mpaka jioni.

Wiki iliyofuata tulikuwa kliniki Kasulu. Presha ilikuwa juu kuliko siku zote na daktari, kijana mpole mwenye haraka, alikuwa ameshashika kalamu aniandikie dawa ya nne. Baba Eliya kwa kawaida hubaki nje kwenye benchi. Siku hiyo aliingia. Akasimama mlangoni na kofia mkononi, akiangalia sakafu, maana kwetu mambo ya chumbani hayatoki chumbani.

"Daktari," akasema, "mimi huwa namgusa mguu."

Daktari hakuelewa. Mimi pia sikuelewa.

"Akilala anakoroma, halafu ananyamaza. Haendelei. Nikiona amekawia, namgusa mguu kwa mguu wangu. Anashtuka, anarudi. Tangu tuoane, daktari. Mimi nilidhani kila mwanamume anafanya hivyo kwa mke wake."

Nilimwangalia mume wangu kama mtu niliyekutana naye siku hiyo. Miaka yote hiyo nilikuwa namlaumu kwamba ana miguu isiyotulia.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaanza kuuliza maswali ambayo hayajawahi kuulizwa pale: naamkaje, kichwa kinauma saa ngapi, nasinzia wapi, shingo yangu ina unene gani. Akasema kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, apnia. Nyama za koo zinalegea mtu akilala na kuziba njia ya hewa. Damu inaishiwa hewa, ubongo unapiga kengele, mtu anashtuka nusu bila kujijua, anavuta hewa, analala tena, inaziba tena.

Nikamwuliza hilo linahusiana nini na presha. Alinijibu taratibu, nami nilimshukuru kwa kutotumia maneno makubwa. Alisema kila pumzi inapokatika mwili unadhani unakufa, na mwili unaodhani unakufa unafanya yale anayofanya mtu anayekimbizwa: moyo unakwenda mbio, mishipa inajikaza, na ini linamwaga sukari kwenye damu ili upate nguvu za kukimbia. "Wewe mama unakimbizwa usiku kucha," akasema. "Asubuhi unakuja hapa, na sisi tunakuuliza kwa nini presha iko juu na sukari iko juu."

Nililia pale. Nililia kwa sababu nilikuwa nameza dawa kweli.

Walituandikia barua tukaenda hospitali ya rufaa Mwanza, nikalazwa usiku mmoja na vifaa kidoleni na puani. Asubuhi daktari wa kule alinionyesha mistari kwenye kompyuta. Mstari unakwenda, unakatika, unakwenda, unakatika, mpaka nikamwomba azime. Mwanangu Eliya aliitafuta mashine Dar es Salaam. Mafundi wa hospitali wakaipima na kuipangia nguvu ya hewa inayonifaa, na tukarudi nayo Kasulu nimeipakata. Ni kisanduku kidogo, kina bomba, na mwisho wa bomba kuna barakoa ya puani. Inapuliza hewa, na ile hewa ndiyo inayoshikilia koo lisifunge. Hakuna dawa ndani yake. Ni upepo tu.

Nilidhani hofu itaishia hapo. Ndiyo kwanza ilianza.

Siku za mwanzo nilikuwa navaa barakoa na kuivua, kuivaa na kuivua. Nilihisi mtu ameniwekea kiganja usoni. Umeme ulipokatika mara ya kwanza niliinuka kitandani nikiwa nimeshaing'oa, napiga kelele, Baba Eliya anatafuta tochi na kujigonga kwenye kabati. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba barakoa ina matundu, sitakosa hewa, na kwamba ukikosa umeme ulale ubavu na kichwa kimeinuka, ni usiku mmoja, si hukumu ya kifo. Nilimwelewa kabisa mchana. Nikiwa kitandani nilikuwa simwelewi.

Kisha asubuhi moja niliamka na sikujua nina nini. Nilikaa pembeni mwa kitanda nikijikagua kama mtu aliyepoteza kitu. Kichwa hakiumi. Mdomo haujakauka. Nimeota ndoto, ndoto nzima yenye mwanzo na mwisho, nilikuwa nachuma mapera kwa mama yangu. Nilikuwa sijaota kwa miaka. Shuleni siku hiyo nilifundisha mpaka kipindi cha mwisho nimesimama, na watoto walinitazama kwa mashaka.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kliniki. Nilikaa, nikatoa mkono, yule binti muuguzi akafunga mpira. Akapima. Akapima tena. Akaniambia nibadilishe mkono. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, imeshuka." Haijawa ya msichana, lakini imeshuka chini ya pale ilipogoma miaka yote. Sukari ya asubuhi nayo imepungua kidogo. Kidogo tu.

Nilitaka kushangilia. Daktari alinizuia kwa upole. Alisema presha ndiyo inayofaidika zaidi, na hasa kwa watu kama mimi ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuishusha, ila wapo ambao yao hushuka kiasi kidogo sana. Kuhusu sukari alikuwa mkweli zaidi: kwa wengine inatulia, kwa wengine haibadiliki, na hawezi kuniahidi. Mashine haiponyi kisukari. Dawa zote naendelea nazo, chakula ni kilekile, miguu ni ileile, na atakayepunguza kidonge ni yeye, si mimi. Na barakoa ni ya kila usiku. Ukiivua kwa siku kadhaa, koo linafunga kama zamani, na presha inapanda tena.

Alisisitiza hilo la dawa kwa sababu anawafahamu watu wake. Wale akina mama wa kikundi cha sala walikuwa wameshanipangia ushuhuda Jumapili ya wiki ijayo, na kwetu ukishuhudia umepona halafu ukaonekana unameza vidonge, watu wanauliza imani yako iko wapi. Nimewaambia nitashuhudia kwamba nalala. Mwenyekiti wa kwaya amenuna.

Basi, namba nzuri ninazo. Na tangu jana nimeogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa na namba mbaya.

Zamani nilikuwa sijui. Sasa najua kwamba kila nikilala kuna mkono unasubiri kunifunga koo, na kinachouzuia ni kisanduku kinachotegemea nguzo za umeme na mvua ya Kigoma. Najua ni upepo tu unaonitenga na wifi Stasia. Ninapovaa barakoa namwona amelala peke yake na redio inaongea. Anakoroma, ananyamaza. Na hakuna mguu.

Hapo ndipo fikra zangu zinapogota kila siku. Hakuna mguu.

Baba Eliya yeye ameshaamua. Asubuhi aliniuliza kama mashine nimeipakia, nikasema baadaye. Mchana akauliza tena, nikasema baadaye. Sikumwambia ninachokiona nikifumba macho. Naona chumba cha Kibondo, mikeka imejaa, na wale wanawake ambao bomba la hewa wameliona kwa watu wanaokata roho tu. Naona Bibi Paskazia anaweka mikono kichwani. Nasikia Mama Lazaro, Mama Lazaro. Na nikisema kwa nini naivaa, nitakuwa nimesema na lile la miaka yote, kwamba wale wanawake wawili wa maombi walikuwa matrekta mawili yanayojificha. Nitakuwa nimemvua Stasia sifa yake akiwa kaburini. Yeye hawezi tena kunikanyaga mguu chini ya kanga.

Usiku mmoja tu, nikajiambia. Nitakesha. Nimekesha misiba mingapi? Nitachochea moto. Nitaanzisha pambio. Mashine ibaki kwenye stuli.

Nilikuwa nimeshafikia kuamua hivyo. Halafu, sijui kwa nini, pengine nilitaka kusikia kwamba haiwezekani ili nipate kisingizio, nikampigia Neema simu nimwulize kama chumba watakacholala wanawake kina soketi.

Alisema ipo, moja, karibu na dirisha. Akaniuliza ya nini. Nikasema ya simu. Akaniuliza habari za safari, nikamwuliza habari za watoto. Mtoto wa pili anaota meno. Alipomzaa huyo ndipo walipomwambia ana presha, nilikuwepo, na hadi leo haijaisha. Nikamwuliza presha inaendeleaje. Akasema imegoma, wamemwongezea dawa nyingine mwezi huu. Akacheka kidogo. Akasema muuguzi kamwuliza kama anameza kweli.

Mvua ilikuwa inapiga bati na nikabana simu sikioni.

Nikakumbuka msiba wa mama yake. Nikamkumbuka Neema jikoni, na shingo yake nene kama ya mama yake, anachochea moto. Nilimwona usiku wa kwanza na nilimwona usiku wa pili, na mimi nilikuwa upande wa pili wa moto huohuo, nimezama katika kujificha kwangu, nikadhani ni uchungu wa mtoto kwa mzazi. Na mume wake yuko Mpanda kwenye vibarua, Neema hulala na watoto tu.

Nikamwuliza, "Neema, kule msibani, usiku ulikuwa unalala?"

Nilisikia mvua yangu na mvua yake.

"Nilikuwa naimba, mama," akasema.

Nimekata simu nikakaa hivi nilivyokaa. Sijalia. Nimeogopa mno kulia. Kisha nimeinuka, nimetoa nguo zote kwenye begi, nimeweka mashine chini kabisa, nimeifunika na kitenge cha msibani ili isigongwe, na kahawa nimeihamishia kwenye kikapu. Baba Eliya amechungulia mlangoni, ameliona begi, ameondoka.

Bado naogopa. Naogopa umeme wa Kibondo, naogopa macho ya Bibi Paskazia, naogopa kusema mbele ya watu wote tulikuwa tunaficha nini jikoni na kwa nini. Stasia atanisamehe, au tutagombana tukikutana. Nimeshampigia Neema tena. Nimemwambia soketi ile ni yangu, na kwamba mkeka wake autandike karibu na wangu, karibu kabisa, pale mguu wangu unapofika. Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia nitamweleza kesho, nikiwa nimeshavaa.

Usiku wa kesho wataimba wengine.